Vyumba Kumi vya Kwenda Kibombo

14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na pamoja nayo ameshuka binti yangu Estelle kutoka Wamaza, nyuma ya pikipiki ya mumewe. Amelowa chapachapa. Jicho la kushoto limevimba, na chini yake ngozi ina rangi ya bilinganya.

"Nini hii?" nikamuuliza hata kabla hajakaa.

"Nilianguka, mama."

Mume wake Placide hakufika mlangoni. Alisimama kule barabarani, mgongo kwangu, mvua inampiga, mpaka mizigo iliposhushwa. Sisemi kwamba amekosa adabu. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, halali naye chini ya paa moja wala kwenye nyumba zinazogusana ukuta, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na aingie kwa bibi yake kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto hajaja bado. Kwa hiyo huu ni mwaka wa nne mwanamume huyu analala na binti yangu na mimi sijaisikia sauti yake hata siku moja. Ninachokijua ni mgongo na mikono.

Leo niliitazama mikono vizuri alipokuwa anafungua kamba ya mizigo. Vifundo vya vidole vimechubuka, vingine vibichi, vingine vina makovu ya zamani. Mikono ya mtu anayepiga.

15 Oktoba

Mvua. Estelle amelala mchana kutwa.

19 Oktoba

Amerudi kwake. Jana nilimbana jikoni tukiwa tunachuja mawese. Ulianguka wapi? Mlangoni. Mlango gani unampiga mtu jichoni? Akaendelea kuchuja. Mimi nimeishi na mwanamume miaka ishirini na sita, Mungu amlaze pema baba yake, na milango ya namna hiyo naijua. Dada yangu alikuwa nayo nyumbani kwake.

2 Novemba

Baada ya misa kwaya imebaki kanisani. Parokia ya Kibombo inafanya yubile siku ya mwaka mpya na imetualika. Barabara imeoza kwa mvua, kwa hiyo tutakwenda kwa maji. Kuna meli mpya, maji yakijaa itashuka kutoka bandari ya Kasongo mpaka Kibombo. Haitembei gizani kwa sababu ya mawe, inalala njiani, ndiyo maana ina vyumba.

Wamenichagua mimi kuwa mkubwa wa safari. Léontine, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyenipendekeza, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni kama kawaida yake: "Mama Estelle njo anajua kupatana bei. Hata shetani atamupunguzia!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa ni kweli.

4 Novemba

Nimeonana na karani wa meli, Kamaldine, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Vyumba ni kumi, kila kimoja vitanda viwili.

"Mama, mukikamata kabini zote kumi kama grupe moja, bei inaanguka," alisema. "Mukikamata tisa, kila mutu analipa bei ya mutu moja-moja. Patron, mwenye meli, hataki mchezo."

Kwaya yetu inajaza vyumba nane tu. Nimebaki na kitendawili.

9 Novemba

Siwezi kulala, basi naandika.

Mwanamke mmoja wa Lusangi aliyekuja kununua mawese kwangu alipita Wamaza juzi. Anasema amemwona Estelle, mkono umeungua kuanzia kiwiko. Nilipanda kilimani kutafuta mtandao nikampigia.

"Mkono umefanya nini?"

"Nilianguka karibu na moto, mama."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale. Alinitoa."

Alinitoa! Nikakata simu kwa hasira. Usiku huu nimepanga, na ninachopanga mimi huwa. Nyumbani kwake siwezi kwenda kumchukua. Haya ya ukwe inanifunga miguu, na wakwe wa Wamaza watasema nimevunja ndoa ya mwanangu kwa mikono yangu. Lakini kama mwenyewe atasafiri nami kwa sherehe ya kanisa mpaka Kibombo, na pale Kibombo kaka yangu mdogo André akamshika mkono akasema "mtoto wetu anabaki," nani atapiga kelele? Mali waliyotoa tutaijadili baadaye. Mbuzi hurudishwa, mtu harudishwi.

10 Novemba

Kitendawili kimeteguliwa. Vyumba viwili vilivyobaki nimevijaza: Estelle na Placide, na Alimasi muuza vitenge pamoja na mkewe Zaina, wanaokwenda Kibombo kwa biashara. Alimasi ni Mwislamu safi, hakosi msikiti. Nikamwuliza kama ana neno kuhesabiwa kundi moja na kwaya ya Wakatoliki. "Mama Estelle," akasema, "kwa bei ile, hata kuimba nitaimba."

Wanawake watakuwa vyumba vya mwanzo, kuanzia cha kwanza hadi cha tano. Wanaume kuanzia cha sita hadi cha kumi. Hakuna mume na mke kulala pamoja. Nimesema ni heshima ya kwaya, wala hakuna aliyebisha. Mimi na Estelle, namba moja. Placide na Alimasi, namba kumi. Kutoka moja hadi kumi, mbali kuliko hapo pako wapi? Haya ya ukwe imelindwa, na binti yangu atakuwa mkononi mwangu tangu bandarini.

Nimempigia André. Amesema chumba kitakuwa tayari, na yeye mwenyewe atasimama ukingoni na vijana wawili.

21 Novemba

Mvua na mazoezi. Waimbaji wa sauti ya tatu wanaburuta wimbo kama wanaburuta gogo.

1 Desemba

Kamaldine anasema maji hayajafika kwenye alama. Tungoje.

8 Desemba

Tungoje.

13 Desemba

Estelle amekataa kusafiri, halafu amekubali, halafu amekataa tena. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ndogo. Nilijua ni nani anayemkataza. Leo Zaina alirudi kutoka Wamaza, akasema mambo ni kinyume: Placide ndiye anayetaka waje, Estelle ndiye anayeogopa. Sikuamini. Zaina ni mtu mwema na watu wema hudanganywa kirahisi.

20 Desemba

Maji yamejaa! Tunaondoka tarehe ishirini na saba.

24 Desemba

Wamefika. Estelle yuko kwangu, Placide amefikia kwa Alimasi. Mtoto amekonda. Kila jioni ananiaga anakwenda kwa Zaina mara moja, anarudi baada ya muda mfupi. Anakwenda kumwona mumewe, najua. Hata mbwa anayepigwa hurudi kwa mwenyewe. Namwonea huruma.

27 Desemba, Nyangwe

Niandike polepole, nisiharibu.

Tulipakia asubuhi. Meli ni ya chuma chini na mbao juu, vyumba vimesimama katikati kama sanduku moja refu, vitano vinatazama upande huu wa mto na vitano upande ule, na njia nyembamba imezunguka. Nikaingia chumba namba moja, nikaweka mzigo wangu juu ya kitanda, nikatoka kwenda kuona watu wangu wamekaaje. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikazunguka nyuma penye injini: sita, saba, nane, tisa. Kumi.

Namba zilikuwa zimezunguka pamoja nami. Cha kumi kimerudi mpaka mgongoni mwa cha kwanza! Kati ya kitanda changu na kitanda cha mkwe wangu kuna ubao mmoja tu, hata mtu akikuna kichwa unasikia.

Nikamfuata Kamaldine.

"Nibadilishie chumba."

"Mama, sasa haiwezekane. Mutu wa patron anatungoja Nyangwe, ataangalia majina na namba za mulango. Akikuta mumechanganya, anasema haiko grupe tena, na bei inapanda. Kisha Nyangwe, mubadilishane vile munataka. Hata kwa dari mulale."

Basi nimekaa nje mchana kutwa, mbele kabisa, juu ya gunia la chumvi, jua likinichoma na mvua ikininyeshea kwa zamu. Placide naye, nikaona, amekaa nyuma kabisa karibu na injini, kichwa amefunika taulo. Kila mmoja wetu anakikimbia chumba alicholipia. Léontine alipita akacheka hadi akashika nguzo. "Bei ya grupe mumepata," akasema, "sasa njo munalala na magunia!"

Mtu wa mwenye meli alipokwisha kukagua hapa Nyangwe na kushuka, meli nzima ilipasuka kwa kelele. Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Sauti ya kwanza hawataki kulala karibu na sauti ya pili. Mzee wa besi anataka mlango unaotazama ukingo. Magodoro yalipitishwa juu ya vichwa, na mtungi wa mtu ukaanguka majini. Mimi nilibadilishana na Léontine: yeye na mwenzake wakaja cha kwanza, mimi na Estelle tukaingia cha nne. Roho ikatulia.

Jioni Zaina alibisha mlango. Estelle alikuwa amekwenda kuoga. Akanipa karatasi ndogo iliyokunjwa, akasema imetoka kwa Placide, ni ya Estelle, anywe kilichomo kabla ya kulala.

"Ni nini?"

"Sijui, mama. Alisema tu asikose kunywa."

Alipoondoka nikaikunjua. Vidonge viwili vyeupe, bila jina. Nikakumbuka jinsi mtoto anavyolala mchana, anavyonyamaza, anavyosahau maneno katikati. Kumbe ndivyo anavyomfunga! Nikatoka nje, nikavitupa mtoni, na karatasi yake. Nilifurahi kama mtu aliyemuua nyoka ndani ya nyumba.

Estelle aliporudi akaniuliza, "Hakuna mtu alikuja?"

"Hakuna," nikasema.

Amekaa muda mrefu akitazama mlango. Sasa amelala. Siku mbili tu, mwanangu, utakuwa huru.

28 Desemba, mahali kwenye msitu, meli imefungwa

Mkono wangu unaandika vibaya. Msinicheke.

Asubuhi Estelle aliamka amechoka. Alisema kichwa kizito, na mara mbili alitaka kutoka, nikamwambia akae nami tushone kola za sare. Alishona huku macho yake yamekwenda mbali. Kikombe kilimponyoka. Nikasema ni usingizi wa meli.

Saa nane mchana mbingu ikafunga. Nahodha akasogeza meli ukingoni, wakaifunga kwenye miti miwili, na mvua ikashuka kwa namna ambayo hata mkono wako huuoni. Kila mtu akajifungia. Estelle akasema anakwenda chooni. Nikajilaza.

Mvua ilipopungua kidogo nikasikia sauti nyuma ya ubao. Nikadhani ni besi wawili wa chumba cha saba. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu.

"Mama iko karibu."

"Kunywa." Sauti ya mwanaume, nzito, ya taratibu. "Tangu jana haukunywa."

"Nitakunywa tukifika."

"Kunywa, Estelle. Nakuomba. Nilituma kwa mama Zaina, haukupata?"

"Sikupata kitu."

Nikakaa kitandani. Chumba cha saba? Yeye si yuko cha kumi? Nilikuja kujua baadaye: Placide naye aliona lile nililoliona mimi, kwamba cha kumi na cha kwanza vinagusana. Kwa heshima yangu, yeye na Alimasi walibadilishana na wale besi, wakaenda cha saba. Mimi nimekimbia huku, yeye amekimbia kule, na cha nne kimepakana na cha saba kama cha kwanza kilivyopakana na cha kumi. Tungekuwa watu wa kuzungumza, neno moja lingetosha. Lakini saa ile sikuwaza hayo. Niliwaza kitu kimoja: anamlazimisha kunywa.

"Mama akijua atanirudisha nyumbani," Estelle alisema.

"Mama ajue. Miye nimechoka kuitwa mupigaji. Watu wanaona mikono yangu, wanaona uso yako, hawasemi kitu. Kusema sisemi, kwa sababu niliapa. Lakini nimechoka."

"Placide..."

Halafu ikaja sauti ambayo sitaisahau, sauti kutoka kooni, si neno, na kitu kikapiga ubao wetu mpaka taa yangu ikaanguka.

Nilitoka nikikimbia. Nilizunguka nyuma ya injini, nikateleza, nikaumia goti, nikainuka. Mlango wa saba ulikuwa wazi na watu wamekwisha kujaa njiani, lakini wote wamerudi nyuma, mgongo kwenye vyuma vya pembeni, kana kwamba moto uko ndani. Léontine alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Musimuguse!" mtu akapiga kelele. "Ni kifafa! Mate yake inaambukiza!"

Niliwasukuma. Ndani, mwanangu alikuwa chini kati ya vitanda viwili vya chuma, anatikisika mwili mzima, macho meupe, povu mdomoni. Na kichwa chake kilikuwa kinapiga, kinapiga, lakini hakikuwa kinapiga chuma. Kilikuwa kinapiga mkono wa Placide. Alikuwa ameuweka mkono wake kati ya kichwa na mguu wa kitanda, na kila pigo lilikwenda kwenye vifundo vya vidole vile. Damu ilikuwa inatoka. Hakuutoa.

Akaniona. Miaka minne, na hii ndiyo mara ya kwanza macho yetu kukutana.

"Mama," akasema, "shika kichwa."

Nikapiga magoti, nikashika kichwa. Yeye akamgeuza ubavu, polepole, akasogeza kitanda kwa mguu, akamfuta kwa kiganja chake kitupu mate yale ambayo wenzetu walikuwa wanayaogopa. Hakumtia kijiko mdomoni, hakumwagia maji. Alikuwa anamwambia jina lake tu, Estelle, Estelle, kwa sauti ile ya taratibu. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto. Sijui ilichukua muda gani. Ilipokwisha, kitenge cha mtoto kilikuwa kimelowa, na watu walikuwa bado mlangoni wanatazama. Nikafungua kitenge changu cha juu nimfunike.

Na hapo, katika yote yale, Placide aligeuza uso wake ukutani, asinione mama mkwe wake nikifungua nguo. Damu inamtiririka mkononi na anakumbuka haya ya ukwe! Hapo ndipo nilipojua nimemkosea mtu wa namna gani.

29 Desemba, asubuhi

Estelle ameamka, amekunywa dawa mbele yangu. Amenieleza.

Ilianza mwaka wa pili wa ndoa. Kwanza alianguka shambani, kisha mlangoni, kisha karibu na moto. Placide alimpeleka kwa muuguzi, akaambiwa vidonge hivi, kila jioni bila kukosa, na kwamba akikosa hata kidogo vinaweza kumgeuka. Ameviuzia karanga zake, ameviuzia mchele wake. Jioni zile za Kasongo mtoto alipokuwa anakwenda kwa Zaina, alikuwa anakwenda kunywa dawa.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia, mama. Kila mara nilikuambia nilianguka."

Nikainama.

"Na ile karatasi ya juzi," nikasema. "Ilikuja. Niliitupa mtoni."

 Akaweka kichwa mapajani pangu kama alipokuwa mdogo. Ningependa zaidi angenitukana.

Nimeongea na ubao. Ndiyo, nilikaa kitandani katika chumba cha nne, nikijua yuko upande wa pili, nikasema kwa sauti, bila kutaja jina la mtu: "Aliyetupa dawa ni mimi."  Kisha ubao ukagongwa mara moja, taratibu. Sikujua maana yake ni nini, na kumuuliza nisingeweza.

29 Desemba, mchana

Ubaya wa meli ni kwamba hakuna pa kwenda. Tangu jana hakuna anayeazima kikombe chetu. Mwenzake Léontine ametoa godoro lake chumba cha kwanza kwa sababu mimi nililigusa siku ile. Zaina peke yake ndiye aliyekuja, akakaa kitandani pa Estelle, akala ndizi kutoka sahani yake, mlango wazi, ili wote waone.

Léontine alinivuta pembeni. Si mtu mbaya, ila ulimi wake hauna mlango.

"Mama Estelle, umuache mutoto abakie kwa ndugu yako André. Kijana ya watu amesha kuteseka. Na sasa korali yote imejua, Wamaza watajua. Familia yake watamuolesha muke mwengine. Heri umutoe weye kwa heshima kuliko wamufukuze."

 Alikuwa anasema kweli. Juzi nilitaka kuivunja ndoa hii kwa ubaya wa mume. Leo watu wanataka niivunje kwa wema wake. Na Estelle, aliyekuwa amelala nyuma ya ubao mwembamba, alisikia kila neno. Aliponiona akasema, "Muulize yeye. Akisema nibaki Kibombo, nitabaki."

Kumuuliza siwezi. Nikamtuma Alimasi. Nikamwambia: muulize Placide, mbele ya Mungu wako na wangu, anataka tufanye nini na mke wake, na akisema amechoka hatutamlaumu.

Alimasi alikwenda nyuma ya injini. Niliwaona wanaongea, Placide anatingisha kichwa, mkono umefungwa kitambaa. Nilikuwa nimeshika chuma cha pembeni. Alimasi akarudi, uso wake wa ajabu.

"Amesema nini?"

"Hakujibu swali. Anauliza kama pale Kibombo kuna pharmacie yenye kufunguliwa siku ya feti ya mwaka mpya. Mvua ya jana iliingia mu sakosi, mkoba yake, vidonge vingine vimelowana."

30 Desemba, Kibombo

Kwaya ilianza kuimba kabla meli haijagusa ukingo. André alikuwa amesimama pale na vijana wawili, kifua mbele. Meli ilipofungwa alipanda mwenyewe, hakungoja ubao wa kushukia, akamwona kijana mwenye mkono uliofungwa, akamsogelea.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, "uyu njo mupigaji?"

Nyimbo zikakatika. Placide aliinamisha macho, hakurudi nyuma. Nikapita katikati yao, nikasimama mgongo wangu kwa mkwe wangu, karibu kuliko mwanamke wa kwetu anavyoruhusiwa kusimama.

"Uyu ni mutoto yangu," nikasema. "Mupigaji hakuna. Kama unataka kumushika mutu, unishike miye, nilikudanganya kwa simu. Na kama umetengeneza chumba, ni vizuri, watalala mule wawili, mutu na muke wake. Miye nitalala kwa Léontine, kama hataogopa kitanda yangu."

 Léontine akachukua mzigo wangu.

André amewapeleka kwenye duka la dawa yeye mwenyewe, kwa pikipiki yake.

1 Januari

Yubile. Sauti ya tatu hawakuburuta. Estelle amekaa benchi la mbele na Zaina, Mwislamu wa watu, ameshika kitabu cha nyimbo juu chini.

3 Januari

Kwetu anayevuka haya ya ukwe hulipa kuku. Tangu babu zetu anayelipa ni mkwe mwanaume, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mama mkwe anaweza kuvuka. Mimi niliingia chumbani kwake, nilimtazama usoni, nilifungua nguo mbele yake, na kabla ya hayo yote nilitupa uzima wa mke wake mtoni. Nimekwenda sokoni nikachagua kuku jike mnene, mweupe. Nikapita naye njia nzima kwapani, watu wakiuliza nampeleka wapi, na mimi nikiwajibu: kwa mkwe wangu, nina deni la adabu. Walicheka. Waache wacheke.

Nikamweka chini mbele ya mlango, nikageuka. Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa, kuku analalamika.

"Aksanti, mama," sauti ile ikasema.

4 Januari, tunapanda mto

Kamaldine alikuja na kalamu zake. Bei ya kundi bado ipo, kama vyumba kumi vyote vimejaa. Watu wakaanza tena: mimi sitaki injini, mimi nataka ukingo. Akaniuliza mimi ninataka wapi, mkwe wangu amweke mbali kiasi gani.

"Nne," nikasema. "Na wale, chumba cha saba. Wawili, pamoja."

"Lakini mama, nne na saba inagusana!"

"Najua."

Alimasi amehamia cha kumi pamoja na mzee wa besi, Zaina amekuja kulala nami. Mvua imetufuata tangu mchana. Nimekaa kitandani, kola za sare mkononi, sishoni. Estelle na mumewe wanaongea kwa sauti ndogo na mimi sitegi sikio.

Jua limezama. Ubao umegongwa mara moja, taratibu.

Estelle ameshakunywa dawa.

Nami nikagonga.